Jinsi nilivyopata mafunzo ya EEG nje ya nchi nikiwa muuguzi Dodoma

Wauguzi na matabibu wenzangu huniandikia WhatsApp mara kwa mara: "Dada, ulifanyaje ukaenda kusomea ile mashine ya ubongo?" Wengi wanaamini nina mjomba wizarani. Sina. Nimeona niandike yote mahali pamoja, maana kurekodi sauti ya dakika kumi kwa kila anayeuliza kumenichosha.

Fani yenyewe inaitwa nyurofiziolojia ya kitabibu. Ni kazi ya kupima umeme wa mwili: EEG kwa ubongo, vipimo vya neva na misuli kwa mtu mwenye ganzi au viungo vilivyolegea, vipimo vya kuona ubongo unavyoitikia mwanga na sauti, hata kulinda neva wakati daktari anapasua uti wa mgongo. Mimi nilianza na EEG kwa sababu ndiyo mashine tuliyokuwa nayo. Mtu pekee aliyejua kuitumia alihamishiwa mkoa mwingine, na toka hapo ikafunikwa shuka na kuwekewa mafaili juu. Watoto wenye dalili za kifafa wakiletwa kutoka Bahi, Kongwa au Kondoa, waliandikiwa dawa kwa maelezo ya mzazi tu. Si vibaya, kifafa hutambuliwa kwa maelezo kwanza. Lakini kuna yule mtoto anayeganda macho darasani kwa sekunde chache, mwalimu anasema ni mtundu, bibi anasema ana jambo lake. Kwa huyo, nusu saa ya kipimo inaweza kumaliza ubishi wote wa ukoo.

Nilipoanza kutafuta nafasi nje, niligundua haraka kwamba milango mingi imeandikwa "daktari". Shirikisho la Dunia la Nyurolojia, lililoanzishwa mwaka 1957, lina vituo vya mafunzo Afrika, vikiwemo Rabat, Cairo, Dakar na Cape Town, na lina ziara za wiki nne kwenye hospitali za nje kwa madaktari vijana wa Afrika. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mpango wa kufundisha mabingwa wa watoto kutoka nchi za Afrika, ambao huteuliwa na taasisi zao na hutarajiwa kurudi kwao. Ukiwa daktari, anza huko, na mwambie mkuu wako wa idara mapema, kwa sababu pale jina lako linapelekwa na taasisi yako, hulipeleki mwenyewe. Kwa Rabat na Dakar, Kifaransa utakihitaji. Mimi muuguzi nilisoma masharti yale nikafunga simu.

Kilichonifungulia njia ni Ligi ya Kimataifa Dhidi ya Kifafa, ile inayojulikana kama ILAE, iliyoanzishwa Budapest mwaka 1909. Wana masomo ya mtandaoni, na ada yao huangalia kipato cha nchi unayotoka, kwa hiyo Mtanzania halipi sawa na Mjerumani. Wana pia kozi za EEG zenye mwalimu, ambapo unapewa kurasa za mawimbi, unaandika unachokiona, naye anakujibu. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Video za bure zimejaa mtandaoni, lakini video haikuambii kwamba ulichokiita kifafa ni mgonjwa kupepesa macho.

Kabla ya hapo, barua. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kama barua zote tunazoandika: nina bidii, napenda kujifunza, nitashukuru nikifikiriwa. Nikampelekea matroni wetu, mama ambaye tangu nimfahamu hajawahi kusifu kitu siku ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mwanangu, hapa umejieleza wewe. Wagonjwa wako wapi?"

"Mama, si wanataka kunijua mimi?"

"Wakujue wewe ili iweje? Andika ukirudi utakaa kwenye mashine gani, na nani atakuja kupimwa."

Nikaiandika upya. Nikataja mashine, aina yake na hali yake. Nikaeleza wilaya ambazo wagonjwa wetu hutoka na nauli wanayolipa. Nikaeleza tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake yakiingia kwenye ubongo huleta kifafa, na kwamba kwetu nguruwe wanafugwa na wengi huachwa wazurure. Nikaweka na historia: kwamba Mahenge, mkoani Morogoro, Dk. Louise Jilek-Aall alikuwa anatibu wagonjwa wa kifafa toka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na akaandika kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa kichwa, jambo ambalo dunia ilikuja kulizungumza sana miaka mingi baadaye. Matroni akaongeza barua ya mwajiri yenye sentensi mbili tu, ya kwamba nitapewa muda na nikimaliza nitapangiwa kitengo hicho. Naamini zile sentensi mbili zilifanya kazi kuliko kurasa zangu zote. Nikakubaliwa, na ada nikapunguziwa.

Masomo ya moja kwa moja yalikuwa jioni za Ulaya, kwetu ni saa tatu usiku. Nilikuwa natoka zamu, napanda daladala hadi Nkuhungu, nalaza watoto, nawasha bando. Umeme ukikatika naendelea na simu. Hapo hakuna siri ya kuwapa, ni kuvumilia tu, na kumwambia mume mapema kwamba Jumatano usiku mama hayupo ingawa yuko sebuleni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawaliulizi, na ndilo kubwa. Kozi ya mtandaoni itakufundisha kusoma mawimbi. Haitakufundisha mikono. Na EEG ikiwekwa vibaya, hata profesa akiisoma ataandika upuuzi. Kwa hiyo nilianza kutafuta mahali pa kushika vichwa vya watu, na hapo ndipo nawashangaa wenzangu wanaong'ang'ania Ulaya tu. Mimi nilienda Nairobi. Mwalimu mmoja wa kozi alinitambulisha kwa barua pepe kwa kitengo cha EEG cha hospitali moja kule, wakakubali nikae wiki kadhaa nikijifunza kwa vitendo, bila malipo, bila posho. Hospitali yetu ilitoa ruhusa, pesa haikutoa. Nauli nilikopa kwenye VICOBA yetu, malazi nilikaa kwa binamu ya shemeji yangu mtaa wa Umoja. Basi la Dodoma hadi Arusha kupitia Kondoa na Babati, kisha Namanga, pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi. Viza Mtanzania haihitaji.

Siku za mwanzo sikugusa mashine. Fundi wa pale, dada mpole mwenye macho makali, alinipa futi ya kushonea na penseli nyekundu. Unaanzia kishimo cha juu ya pua, katikati ya macho, unapitisha futi utosini hadi kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Asilimia kumi ni 3.6, unaweka alama. Kisha asilimia ishirini, 7.2, mara nne, na mwisho inabaki 3.6 tena. Halafu sikio hadi sikio, halafu mzunguko wa kichwa. Ni mfumo wa kumi-ishirini, uliotangazwa na Herbert Jasper mwaka 1958, na elektrodi zake, yaani vile vidude vyenye nyaya vinavyobandikwa kwenye alama hizo kunasa umeme wa ubongo, ni 21 ukihesabu za masikio. Namba witiri kushoto, namba shufwa kulia. Nilipima wanafunzi, wafagizi, mlinzi wa getini. Kila nikimaliza, dada anapima upya, tofauti ikizidi nusu sentimita anafuta.

Kisha ngozi. Unatenganisha nywele, unasugua taratibu mpaka upinzani wa umeme ushuke chini ya kilo-omu 5, unabandika. "Usisugue kwa hasira, sista," aliniambia. "Mtoto akilia utarekodi misuli, si ubongo."

Hayo ya nywele hakuna kozi ya Ulaya iliyonieleza. Mama anakuja amesuka rasta za wiki iliyopita, za bei, na wewe unamwambia afumue. Nairobi walikuwa wamelimaliza kwa kumpa mgonjwa karatasi siku anapopangiwa tarehe: fumua, osha kwa sabuni, usipake mafuta. Nimeiiga neno kwa neno, na kwenye simu naongeza kwa mdomo, kwa sababu karatasi huishia kufungia karanga. Agizo la pili ni mtoto achelewe kulala na aamshwe saa kumi alfajiri, maana usingizi wakati wa kipimo husaidia kuonyesha yaliyojificha. Kwetu hili lina vituko vyake. Mtoto wa Mpwapwa anaamshwa kama ilivyoagizwa, analala fofofo kwenye basi njia nzima, anafika kwangu mchangamfu anataka kucheza na nyaya. Siku hizi namwambia mzazi waje watu wawili, mmoja kazi yake ni kumchokoza mtoto ndani ya basi.

Niliporudi niliondoa shuka na mafaili, nikahamisha chaja za simu na feni mbali na kitanda, kwani umeme wa ukutani unaingia kwenye karatasi kama wimbi nene la hezi 50. Narekodi mwenyewe, kusoma na kuandika majibu ni kazi ya daktari. Mara nyingine majibu yanatoka safi kabisa kwa mtoto anayeanguka kila wiki, na inabidi daktari amweleze mzazi polepole kwamba kipimo kuwa safi hakufuti kifafa. Cheti, kwa wanaouliza, hakijanipandisha daraja wala mshahara.

Kuna jingine la kulifuatilia kama mna nia: Shirikisho la Kimataifa la Nyurofiziolojia ya Kitabibu, IFCN. Tawi lake linalotuhusu limeunganisha Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Mkutano wao wa dunia wa 2024 ulikuwa Jakarta, na huwa kuna misaada ya kusafiri kwa vijana. Soma masharti ya umri na taaluma kabla ya kujaza chochote.

Mimi sasa nataka kipimo cha neva. Wagonjwa wa kisukari wenye ganzi miguuni ni wengi, na mashine tumeahidiwa. Fomu nimeshajaza, wanataka barua ya mwajiri kabla ya mwisho wa mwezi. Matroni yuko likizo kwao Mvumi hadi Jumatatu. Rasimu nimeshamtumia, na bado hajajibu.