Kambakoche 26

Jumapili, saa nne usiku.

Leo mpwa wangu ameshinda kwangu. Ana miaka 11 na simu ya mamake. Baada ya chakula alijilaza mkekani, simu kaiegemeza kwenye mto, mikono kaifumbata kifuani, anatazama tu. Nikadhani ni sinema. Kumbe ni Black Desert Mobile: shujaa wake anakimbia mwenyewe porini, anapigana na mazimwi mwenyewe, anaokota ngawira mwenyewe.

"Mbona huchezi?"

"Nacheza, mjomba. Nimeweka oto."

Nimecheka, ila jibu lile limenikaa kooni mpaka saa hizi. Sisi tulioanza zamani gemu hizi za mtandaoni tuna wimbo mmoja: zile zetu ndizo zilikuwa gemu, za leo zimelainishwa kama uji wa mgonjwa. Nimeuimba wimbo huo miaka mingi bila kuusikiliza maneno yake.

Gemu yangu ilikuwa RuneScape, na kiwanja changu saiba moja ya kulipia intaneti hapa Mombasa, mwaka 2006, shilingi moja kwa dakika. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa bado; waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla yake kila ulichobonyeza kilipanda mpaka kwenye setilaiti, kikashuka upande wa pili, kikarudi kwa njia ileile. Gemu ya kulenga na kupiga risasi ungekufa kabla hujamwona aliyekuua. RuneScape ilituvumilia kwa sababu seva yake hupiga hatua moja kila sekunde 0.6, hata ukibonyeza kwa kasi ya cherehani. Upole wake ndio uliotufaa.

Nilikuwa mvuvi. Kwa mchezaji asiyelipa, pesa za gemu zilikuwa kisiwani Karamja: ufikishe uvuvi levo ya 40, utoe nauli ya sarafu 30 pale bandari ya Port Sarim, uvuke, usimame gatini na dema lako uvue kambakoche. Mkoba una nafasi 28. Dema linakula moja, sarafu za nauli moja, kwa hiyo unarudi na kambakoche 26. Unawapeleka benki, unavuka tena. (Nyumbani kwetu kambakoche hatukumjua mezani. Wavuvi wakimpata, anakwenda moja kwa moja kwenye hoteli za watalii. Nilimfahamu kwenye skrini kabla ya kumfahamu kwenye sahani.)

Sasa niambieni, ugumu uko wapi hapo? Unabonyeza maji, unangoja. Usiku huu nimepiga hesabu. Levo ya 99, iliyokuwa ya mwisho, inahitaji pointi 13,034,431, na levo ya 92 ndiyo nusu ya safari, si ya 50 kama tulivyodhani tukiwa watoto. Kambakoche mmoja ni pointi 90. Kutoka 92 mpaka 99 ni kambakoche zaidi ya 72,000, karibu safari 2,800 za boti. Huo ni urefu, hauhitaji akili wala ustadi. Mimi niliishia levo ya 71, saiba ikafungwa.

Na ukitaka ugumu hasa, uko leo. Mwaka 2005 pango la zimwi TzTok-Jad, lenye mawimbi 63 ya maadui, lilihesabiwa kuwa kilele cha ushujaa. Mwaka 2017 Old School RuneScape, yaani gemu ile ya zamani iliyofufuliwa, ikaleta pango la Inferno, mawimbi 69, na pale ukikosea pigo moja unazikwa. Wapo wanaokaa miezi wakijaribu. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu hizi zimekuwa rahisi, siku hizi namuuliza: rahisi wapi? Mapigano yamekaza. Kilicholegea ni kitu kingine, na nilichelewa kukiona kwa sababu siku zile sikukijua kuwa ni sehemu ya gemu.

Iko misheni inaitwa Dragon Slayer. Ili umfikie joka unahitaji vipande vitatu vya ramani, na kimoja kimefungiwa nyuma ya mlango wa ajabu. Bibi mmoja mwaguzi, anayekaa juu ya mlima wa barafu, anakupa fumbo: mlango unataka kinywaji cha mchawi, uzi wa mdudu uliogeuzwa kitambaa, tundu la kunasia, na bakuli lisiloona moto. Yote kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Hariri niliifumbua. Tundu la kunasia nililijua papo hapo, si ndilo dema langu? Bakuli ndilo lililonitesa. Niliwaza, bakuli ambalo halijapikiwa. Nikanunua bakuli jipya dukani, nikaenda nalo, mlango ukanikatalia. Dakika zinakwenda, shilingi zinakwenda.

Nikaenda kijiji cha Draynor, mlemle ndani ya gemu, penye miti ya willow karibu na benki. Pale palikuwa baraza. Watu wanakata miti huku wakipiga soga, kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya. Nikauliza. Wa kwanza akanitania, wa pili akanidanganya, wa tatu akaniambia: bakuli la udongo kabla ya kuchomwa tanuruni, nenda kijiji cha Barbarian, gurudumu la mfinyanzi liko pale. Tukawa marafiki yapata mwaka mzima. Sikumjua jina lake la kweli wala nchi yake.

Leo nachezea kompyuta yangu, na kwenye RuneLite, programu ya kuchezea Old School, nimeweka kisaidizi cha misheni. Mshale unaniongoza mpaka miguuni pa mtu, jibu la kubonyeza limekolezwa rangi. Misheni iliyonichukua wiki mbili za saiba naimaliza jioni moja, sisomi fumbo wala simuulizi mtu; nikikwama, majibu yako kwenye wiki, tovuti ya maelezo ya gemu. Nimekiweka mwenyewe, sikulazimishwa. Nina kazi, nina kodi ya nyumba, nina saa moja ya gemu kwa usiku.

World of Warcraft nayo, gemu nyingine ya mtandaoni ambayo sikuicheza kwa dhati kwa kuwa ada yake ya mwezi ilitaka kadi ya benki, tangu Desemba 2009 ina chombo kinachokusanya watu watano kutoka seva tofauti na kuwatupa pangoni. Wanaua, wanagawana, wanatawanyika.

Kisa kinachonifedhehesha zaidi ni cha soko. Zamani tuliuza kwa kunadi pale benki ya magharibi ya mji wa Varrock, kelele kama soko la Kongowea asubuhi, na matapeli tele. Novemba 2007 likaja soko la kujiendesha, Grand Exchange: andika bei, ondoka. Tulilalamika kweli. Mwaka 2013 gemu ya zamani ikafufuliwa kutoka nakala ya Agosti 2007, bila soko lile, kama tulivyotaka. Na ikawekwa kanuni kwamba badiliko lipite kwa kura asilimia 75. Mwaka 2015 Grand Exchange ikarudi. Tulipiga kura wenyewe. Na mimi nilipiga ya ndiyo.

Basi jioni nikamfungulia mpwa wangu Old School kwenye simu, bila mishale, nikamsukuma hadi kwa yule bibi mwaguzi kwa akaunti yangu ya pili. Akasoma fumbo, akakwama pale pale nilipokwama mimi.

"Mjomba, bakuli lisiloona moto ni lipi?"

Jibu nilikuwa nalo ulimini. Nikamwambia aende Varrock akaulize watu. Akaenda, akasimama mbele ya benki katikati ya umati, akaandika swali lake kwa Kiingereza kizuri kuliko changu cha 2006. Tukangoja. Watu wanapita. Akaandika tena. Hatimaye mmoja akamjibu, neno moja tu, akaenda zake.

Mpwa wangu akanigeukia, macho yamemtoka.

"Ameandika *wiki*. Mjomba, ina maana ningoje wiki nzima?"