Nilivyovaa kilti kwa mara ya kwanza, na ushauri nilioukataa

Sema tu kwamba unataka kuvaa kilti, lile vazi la marinda kama sketi la wanaume wa Kiskoti, uone watu walivyo wajuzi. Mmoja anakwambia huna ukoo wa Kiskoti, kwa hiyo huruhusiwi. Mwingine anakutuma Royal Mile, mtaa wa watalii kule Edinburgh, ukanunue ya bei chee. Wa tatu anasema wape saizi ya suruali yako, basi. Wote watatu hawajawahi kuivaa. Mimi nimeivaa, kwenye harusi ya rafiki yangu wa kazini hapa Glasgow, nikiwa miongoni mwa vijana waliosimama upande wa bwana harusi, na nilipendeza. Nasema bila haya kwa sababu niliihangaikia.

La ukoo kwanza, maana ndilo lililonikera zaidi. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa tartani, kile kitambaa cha mistari ya rangi inayokatizana. Uskoti ina rejista rasmi ya tartani, ilianza kazi 2009, lakini inaandikisha michoro tu, haikagui nani kavaa nini. Iliyo ya wenyewe ni Balmoral, ya familia ya kifalme, hiyo waachie. Yangu ni Black Watch, kijani kilichokolea, bluu na nyeusi, tartani ya kikosi cha jeshi kilichotokana na kombania zilizoundwa 1725. Ni ya kila mtu. Inakubaliana na koti jeusi, na siku ile hakuna aliyeniuliza ukoo. Babu yake bibi harusi alinishika bega akaniambia nimechagua vizuri, na huyo anavaa kilti tangu utoto.

Sasa hilo la saizi ya suruali. Kwanza sote wa upande wa bwana harusi tuliagiziwa kilti kwa simu kwenye duka moja la kukodisha, na duka likaridhika na namba ya suruali. Ilipokuja, nikaipandisha usawa wa kitovu, bizimu hazikufika. Nikaishusha chini ya tumbo ninapofungia suruali, ikafunga, lakini pindo likafunika magoti yote mawili. Jamaa wa dukani anasema iko sawa. Haiko sawa! Kilti inakaa kiunoni hasa, juu ya mifupa ya nyonga, na pindo linaishia katikati ya pia ya goti au juu yake kidogo. Aliyezoea kufunga kikoi ataelewa: kikikazwa mahali pasipo pake, jioni nzima utakuwa unakipandisha. Niliwarudishia, wakanipa nusu ya pesa kwa manung'uniko.

Kipimo chako kichukuliwe na mtu mwingine, kwa futi ya fundi, kuanzia kitovuni, nawe umesimama wima unatazama mbele. Ukiinama tu kutazama futi, mwili unashuka na namba inakudanganya. Kisha ukishaivaa piga magoti sakafuni, mgongo umenyooka: pindo likilala sakafuni ni ndefu, liwe linakaribia tu kuigusa.

Mpya ya sufu iliyoshonwa kwa mkono inakula pauni mia kadhaa, na mimi sikuwa nazo. Za bei chee ni nyuzi za plastiki, nyepesi, upepo ukija zinapaa. Kilti ya shughuli inameza kama yadi 8 za sufu, na nzito kweli ni ile ya wakia 16 kwa yadi; uzito huo ndio unaofanya iyumbe vizuri ukitembea. Kwa hiyo niliingia kwenye maduka ya mitumba ya hisani, nikazunguka wikendi kadhaa, mpaka nikaipata Black Watch yangu kwa pauni zisizofika hamsini. Kiuno sawasawa, vikanda vya ngozi vizima. Ila marinda ya nyuma yalikuwa yamefumuka kuanzia nyonga kwenda chini, yametawanyika kila upande, na ndiyo maana waliiuza hivyo.

Hapo nikampigia mama simu ya video, Tanga. Mama ni fundi cherehani, ameshona sketi za shule za marinda maisha yake yote. Nikamwonyesha. Akatazama, akasema, "Mwanangu, usiguse pasi. Piga bandi kwanza."

Nikailaza mezani, nyuma juu. Mama ndiye aliyeona siri yake kabla yangu: marinda ya kilti hii yamekunjwa kufuata mchoro, yaani kila rinda linaonyesha mstari unaofuata, hadi nyuma inafanana na mbele. Kwa hiyo huhitaji rula. Unalikunja rinda mpaka mstari wa kijani ukutane na nafasi yake, na ukiona mchoro umeruka ujue umekosea. Nikapiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu, safu ya juu, ya kati na ya karibu na pindo. Kisha kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, pasi juu yake. Pasi unaikandamiza, unaiinua, unasogea. Huiburuzi, kwani ikiburuzwa inavuta marinda na sufu inabaki inang'aa. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti kule Tanga kila nikikandamiza. Ikalala hapohapo mpaka asubuhi, nikatoa nyuzi. Marinda yalikuwa makali hadi mama akaita majirani waje kutazama simu.

Koti nilikodi. Harusi ilianza mchana, nikachukua koti la mchana liitwalo Argyll na tai ya kawaida. Koti la Prince Charlie na tai ya kipepeo ni la usiku. Ukivaa kizibao, mkanda haufai.

Siku yenyewe anza na soksi na viatu, kwa sababu ukishafunga kilti kuinama ni shida. Soksi ikunjwe vidole vitatu chini ya goti. Viatu havina ulimi, kamba zake ndefu unazisokota mbele mara tatu, unazizungusha nyuma ya kifundo, unafungia mbele. Ubavu wa kilti wenye nyuzinyuzi uwe kulia. Mbele kilti ina mapande mawili yanayolaliana, na pini yake inashika pande la juu peke yake; ukiipitisha hadi la ndani, siku utakapokaa vibaya itachana sufu. Sporani, ule mkoba wa mbele, ining'inie vidole vinne chini ya kizibao, na ukienda kucheza isukume ubavuni. Tulicheza Strip the Willow, ngoma ya Kiskoti ya kuzungushana, na waliosahau hilo waliumia.

Ukikaa, pitisha mkono nyuma ulaze marinda kwanza.

Kisu cha kwenye soksi, sgian dubh, kinaruhusiwa Uskoti kama sehemu ya vazi la taifa, sheria ya 1995 inasema hivyo. Kwenye ndege kiende begi la kukabidhi. Na kilti yenyewe usiikunje sandukuni: iviringishe kuanzia ubavu mmoja hadi mwingine, marinda yakiwa yamelala, uiingize ndani ya mguu wa soksi ndefu ya nailoni ya kike uliokatwa. Yangu ilisafiri hivyo mpaka Tanga mama aishike kwa mikono yake, ikafika haijapoteza rinda hata moja.