Siku Dani Alipotupa Mtungi

Likizo ya Agosti 2023 nilikuwa nikiwafundisha watoto wa Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria, kuelea, katika bwawa la kuogelea la shule moja hapa Kisumu iliyokubali kutufungulia asubuhi. Watu waliuliza kwa nini tuwatoe watoto kando ya ziwa tuwapeleke bwawani. Ziwani kuna kichocho, kuna viboko, na yale maji yenye matope hayakuruhusu kumwona mtoto akishazama. Anayejifunza lazima umwone hadi vidole vya miguu.

Aliyenipinga waziwazi alikuwa mama mmoja mzee, muuza samaki, ambaye sote tulimwita dani, yaani bibi kwa Kiluo. Mjukuu wake wa miaka 7 alikuwa kwenye kundi langu.

"Mwalimu, mtoto anayeogopa maji hukaa mbali nayo," aliniambia. "Ukimtoa woga, umemsukuma ndani."

Hayakuwa maneno ya kupuuza. Alikuwa amemzika mwanawe aliyekufa maji akivua omena. Nami nimewaona wavulana wanaojua kuogelea kidogo tu wakienda mbali kuliko nguvu zao. Lakini ziwa lilipofurika mwaka 2020 maji yalifika milangoni pa watu, na woga haumzuii mtoto kuteleza akichota maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wafundishwe kuogelea na usalama wa majini kuanzia miaka 6. Nikamwomba dani aje ajionee.

Alikuja siku ya nguo. Siku hiyo watoto waliingia majini na sare na sweta, maana hakuna anayetumbukia ziwani akiwa amevaa nguo za kuogelea. Sweta ikilowa huwa nzito, mtoto huhangaika kuivua, na kule kuhangaika ndiko kunakommaliza. Sisi tuliwaambia: achana na nguo. Geuka ulale chali, masikio ndani ya maji, kidevu juu, kifua kijae pumzi, mikono wazi. Halafu piga miguu polepole uelekee ukingoni. Mitindo ya kuogelea ingekuja baadaye, na hata isingekuja, mimi ningeridhika.

Mjukuu akaruka, akazama, akaibuka, akageuka chali vizuri kabisa. Ndipo dani akamwita kwa jina, na mtoto akainua kichwa amtafute. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Kikiinuka, kiuno na miguu hushuka papo hapo. Maji yakamwingia puani. Mkono wangu ulikuwa chini ya mgongo wake, bado sijamgusa. Dani alikuwa ameshasimama, kiatu kimoja kimemtoka. Mtoto akakohoa, akarudisha kichwa nyuma hadi maji yakamfunika masikio. Nikaona kifua kinapanda, sweta ikavimba kidogo mabegani kwa hewa, na vidole vya miguu vikatokeza juu ya maji. Akaanza kupiga miguu, macho juu, hadi mkono wake ukagusa ukingo.

Dani hakupiga makofi. Aliuliza, "Mbona hakupiga kelele?"

Nikamweleza kwamba anayekufa maji hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo unazama na kutoka, na ule muda mfupi ukiwa juu unatosha kuvuta hewa tu. Mikono nayo huyakandamiza maji pembeni, haiwezi kukupungia. Ukiwa ufukweni unaweza kudhani anacheza.

Alinyamaza, kisha akasema, "Wenzake walisema hawakusikia kitu. Miaka yote hii nilidhani wananidanganya."

Sikuwa na la kumjibu. Nilichukua mtungi mtupu wa lita 20, nikatia maji kidogo ili uruke mbali, nikakaza kifuniko na kufunga kamba kwenye mshikio wa mtungi. Nilimwambia asimfuate mtu majini kamwe, kwa sababu anayezama humng'ang'ania mwokozi na kumpanda, na hivyo ndivyo wazazi wengi hufa pamoja na watoto wao. Tupa mtungi upite pale alipo, kisha uvute umfikie.

Mara ya kwanza mtungi uliangukia karibu mno. Akauvuta, akafunga leso upya kiunoni, akarusha tena. Mtungi ukampita mjukuu, ukarudi taratibu hadi kifuani pake, akaukumbatia kwa mikono miwili. Dani akamvuta kwa kamba, mguu mmoja mbele, mwili umeegemea nyuma, huku akimwambia kwa Kiluo asiinue kichwa. Kisha akataka watoto wengine wapange foleni.

Wiki iliyofuata alimwendea mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuko wa wavuvi, akitaka mitungi yenye kamba itundikwe pale wanawake wanapooshea samaki. Mwenyekiti akasema itaibwa. Dani akatundika wa kwake, na akatangaza kwamba atakayeuchukua kuchotea maji atamjua.