Jumamosi Tuliyoifukuza Herufi A

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha insha ambazo, ukiziondolea majina, huwezi kujua ipi ni ya nani. Jogoo anawika, jua linachomoza, mama anamwamsha mwandishi, kisha methali mbili au tatu zinapachikwa ili kumfurahisha msahihishaji. Siwalaumu wanafunzi, kwa kuwa ni sisi walimu tuliowazoesha kuamini kwamba insha nzuri ni ile inayofanana na ya mwaka jana. Ndiyo maana klabu yetu ya uandishi, inayokutana Jumamosi asubuhi katika darasa linalotazama Ziwa Victoria upande wa Kirumba, hapa Mwanza, nimeifanya mahali pa michezo, wala sitoi alama.

Tumewahi kucheza ule mchezo wa kukunja karatasi, ambapo kila mtu anaongeza sentensi bila kuona ya mwenzake. Wasanii wa Paris waliucheza katika miaka ya 1920, na hadi leo unachekesha, lakini sijaona ukimfundisha mtu kuandika.

Mchezo uliotufundisha ni wa kufukuza herufi. Kundi la waandishi liitwalo Oulipo, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1960, lilijiwekea masharti ya namna hiyo kwa makusudi, na mmoja wao, Georges Perec, alichapisha mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi E, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika Kifaransa. Kwa Kiswahili herufi ya kufukuzwa ni A. Mara ya kwanza nilikosea kwa kuahidi kalamu kwa atakayeandika maneno mengi zaidi, nikaletewa orodha: kiti, miti, viti, mito. Mara ya pili niliondoa zawadi, nikaomba sentensi tano tu kuhusu ziwa.

Wanafunzi waligundua upesi kwamba neno “ziwa” lenyewe limekwisha kufukuzwa, pamoja na Mwanza, samaki, dagaa, sato na sangara. Furu, samaki mdogo wa ziwani, alibaki, na mvulana mmoja ambaye babu yake ni mvuvi akasema kwamba safari hii furu amelipiza kisasi, maana tangu sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, furu ndiye aliyekuwa akiliwa.

Kisha sarufi ikaanza kubomoka mikononi mwetu, na hapo ndipo somo lilipokolea. Bila A huna “na”, huna “kwa”, huna “ya” wala “cha”. Huwezi kusema “anakuja” wala “watakuja”, kwa hiyo yeye na wao karibu wanatoweka, na muda unabaki zaidi kwenye -li-, -me- na hu-. Vitenzi vingi vya Kibantu huishia na A, hivyo unakimbilia rudi, subiri, fikiri na jibu, au unakanusha: sioni, sijui, siendi. Hata “yangu” na “yako” hazipiti. Zinazopita ni “yetu” na “yenu”. Kanuni ambazo nimezieleza ubaoni mihula mingi huku wakisinzia, sasa walikuwa wakizigonga kwa vichwa vyao wenyewe, na kila aliyekwama alitaka kujua kwa nini amekwama.

Mmoja aliandika, “Siogopi upepo, siogopi viboko,” na darasa zima likaangua kicheko, kwani hakuna aliyekuwa na hakika kama alikusudia wanyama wa majini au fimbo za shuleni. Yeye alikataa kufafanua, na nadhani alifanya vyema. Msichana anayekaa dirishani, ambaye insha zake zote huanza na jogoo, alifuta kwa muda mrefu kisha akanipa sentensi mbili badala ya tano: “Mtumbwi ulirudi. Mvuvi simwoni.”

Nilimwuliza kwa nini ameishia hapo. Akajibu kwamba alitaka kuandika kuwa mama wa huyo mvuvi analia, lakini mchezo haukumruhusu. Nilizisoma tena zile sentensi mbili, nikaona kwamba huyo mama yumo, analia, ingawa hakutajwa.

Baadaye walinidai na mimi nijaribu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na kwa kuwa sikuweza kuitaja, niliandika ubaoni kwa majivuno kidogo: “Mji wetu umelowa.”

“Mwalimu, umelowa!” walipiga kelele kwa pamoja, wakinyooshea kidole ile A ya mwisho. Nilifuta neno, nikasimama na chaki mkononi nikitafuta kitenzi kingine, na kengele ikalia kabla sijakipata.