Aya Moja Katika Wasifu wa Marehemu

Katika mazishi mengi ya hapa Dodoma, kabla jeneza halijainuliwa, mtu mmoja husimama mbele ya waombolezaji na kusoma wasifu wa marehemu: alikozaliwa, alikosoma, kazi alizofanya, ndugu aliowaacha, na mwishoni, kwa sentensi moja au mbili, namna alivyofariki. Desemba iliyopita familia ililikabidhi kundi letu la wapanda milima jukumu la kuandika sehemu hiyo ya mwisho, kwa kuwa mwenzetu tuliyekuwa tukimzika alifia Kilimanjaro, na wazee wa ukoo waliona kwamba habari za huko sisi ndio tunaozijua. Katika siku zote za msiba ule hakuna jambo lililotuwia zito kuliko aya hiyo, wala hakuna ninaloamini tulilifanya vema kuliko hilo.

Sitamtaja jina, kwa sababu mama yake ameomba hivyo. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa upande wa Mvumi, na alianza kupanda vilima vya Mlimwa peke yake alfajiri, kabla ya vipindi, miaka mingi kabla sisi wengine hatujafika mjini. Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, mji ulijaa watumishi waliotoka Dar es Salaam na kwingineko, watu wenye Jumamosi tupu na wasio na ndugu wa kuwatembelea. Wengi wetu tulimfahamu kwa njia hiyo: mtu anatafuta mahali pa kunyoosha miguu, anakutana na mwalimu mmoja mwembamba amebeba dumu la maji la lita tano, anaalikwa kuongozana naye. Baadaye walijiunga wanafunzi wa Chuo Kikuu, muuguzi mmoja, na vijana wawili wa bodaboda ambao kwa stamina walitushinda sote.

Milima yetu si mirefu. Ni majabali ya mawe yaliyochomoza katikati ya vichaka vya miiba, na adui mkubwa ni jua, ambalo kuanzia saa nne asubuhi hupiga jiwe mpaka mkono hauwezi kulishika. Mwalimu alitufundisha kutambua mahali pa kuweka mguu na mawe ya kuepuka kwa sababu ya nyuki. Yeye alitembea nyuma kabisa, pamoja na mtu dhaifu kuliko wote wa siku ile, na hakupata kumhimiza mtu. Tulipokwenda Hanang, mlima wenye kimo cha mita 3,420 ulio juu ya mji wa Katesh, mmoja wetu alichoka kabla ya ukingo wa mwisho; Mwalimu akaketi naye mpaka sisi wengine tukashuka, na hakuna aliyemsikia akilalamika kwamba hakufika.

Kilimanjaro ilikuwa hamu yake ya siku nyingi. Aliwasimulia wanafunzi wake habari za Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha mwenge na bendera kileleni tulipopata Uhuru, Desemba 1961, na alitaka kusimama pale siku moja, naye akiwa Mtanzania anayejilipia safari yake mwenyewe. Alidunduliza fedha kidogo kidogo, akaomba ruhusa kazini, akaondoka na wenzetu wawili. Mimi nilibaki Dodoma, nikisubiri picha katika kundi letu la WhatsApp. Badala ya picha ikaja simu ya usiku.

Tulikwenda Moshi kumchukua. Kurudi tulipitia Arusha, Babati na Kondoa, barabara aliyokuwa akiipenda, na tulipopita Babati mvua ilikuwa imefunika kila kitu upande wa Hanang. Ndani ya gari mtu mmoja alimkumbuka Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyefariki Mei 2024 karibu kabisa na kilele cha Everest akijaribu kupanda bila oksijeni ya mtungi. Familia yake iliamua mwili wake ubaki mlimani, kwa kuwa kuushusha kungehatarisha maisha ya watu wengine. Tulipoisoma habari ile wakati huo, Mwalimu alikuwa pamoja nasi, na tulizungumza sana juu ya ujasiri wa Kirui. Safari hii tuliizungumza familia yake. Sisi tulikuwa na jeneza nyuma yetu na kaburi lililokuwa likichimbwa Mvumi, na katika gari lile hilo lilionekana kuwa neema kubwa.

Tulipokaa chini ya turubai kuandika ile aya, kulikuwa na mapendekezo mawili. Baba yake mdogo, mzee mpole aliyesimamia shughuli zote, alisema: "Wanangu, andikeni kwamba aliugua ghafla, Mungu akamchukua. Inatosha. Watu hawaji msibani kusikiliza habari za udaktari." Naamini alisema kwa upendo, alitaka kuilinda nyumba na maswali, hasa lile lililokwisha kuanza kusikika kwenye viti vya nyuma, kwamba kijana huyu alifuata nini mlimani ilhali mama yake ana shamba la kupanda. Pendekezo la pili lilitoka kwetu wenyewe, nalo ndilo nililolipinga zaidi: kwamba tuandike alifariki akifanya jambo alilolipenda.

Nililipinga kwa sababu si kweli. Alilolipenda Mwalimu ni kupanda na kurudi, kuoga, kula ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwa dada yake, na Jumatatu kuingia darasani. Kushindwa kupumua usiku kwenye baridi si jambo alilolipenda, na hakuna mama anayepaswa kuambiwa kwamba mwanawe alilipenda. Maneno hayo hutuliza mioyo ya sisi tunaoendelea kupanda. Kwake yeye, aliyepoteza mtoto, hayajibu lolote.

Tukiwa bado tunabishana, aliwasili mwongozaji aliyekuwa naye mlimani. Alikuwa ametoka Moshi kwa basi, kwa nauli yake, bila kuitwa na mtu. Ni mtu mzima, na mikono yake imepasuka kwa baridi. Alitoa rambirambi, jina likaandikwa kwenye daftari, kisha akaomba kuonana na mama wa marehemu. Tuliingia naye ndani, ambako kina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa na mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Niambie."

Akamweleza. Alisema kwamba kikohozi kilianza Horombo, kambi ya pili ya kulala njiani, nacho kilikuwa kikavu, na alipoulizwa Mwalimu alijibu kwamba ni vumbi la njiani. Siku iliyofuata alitembea polepole kuliko kawaida yake, lakini kwa kuwa huwa anatembea nyuma, wenzake hawakuona ajabu. Walipofika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwenye mita 4,700 na ushei, aliketi kitandani akawa anahema ilhali hafanyi kazi yoyote. Mwongozaji alimpima oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, akasikiliza kifua chake, akaamua papo hapo kwamba safari ya kileleni imekwisha. Walimwekea oksijeni ya mtungi, wakamlaza kwenye machela ya gurudumu moja, na wapagazi sita wakaanza kumteremsha gizani kuelekea Horombo. Hawakumfikisha akiwa hai.

"Sikumwacha, Mama. Mkono wangu ulikuwa kifuani pake mpaka mwisho."

Mama alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza: "Alisema nini?"

"Aliomba maji. Baada ya hapo hakusema tena."

"Mlimpa?"

"Tulimpa, Mama."

Alimshika yule mtu mikono yote miwili, akamwambia jambo kwa Kigogo ambalo binti yake hakututafsiria, nasi hatukuuliza. Tulipotoka nje, baba mdogo mwenyewe ndiye aliyesema kwamba aya iandikwe kama ilivyotokea.

Ilibidi basi tueleze ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo yule muuguzi wetu alipokuwa msaada mkubwa. Daktari wa Moshi alikuwa ameiambia familia kwamba mapafu yalijaa maji, na baadhi ya ndugu walidhani maana yake ni nimonia aliyotoka nayo nyumbani. Haikuwa hivyo. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, hata kileleni Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, kila pumzi huwa na takribani nusu tu ya oksijeni ambayo mtu angeivuta akiwa pwani. Mishipa ya damu iliyomo mapafuni hujibana kwa sababu ya upungufu huo, lakini haijibani sawasawa. Presha hupanda katika baadhi ya sehemu, na majimaji ya damu huvuja na kuingia katika vifuko vidogo vya hewa. Mara nyingi hali hiyo huanza usiku wa pili hadi wa nne baada ya kufika juu. Kwanza ni uchovu usio na sababu na kikohozi kikavu, kisha mtu hukosa pumzi hata akiwa amepumzika, na mwishoni huweza kutoa povu lenye rangi ya damu. Oksijeni husaidia, na ziko dawa zinazopunguza presha hiyo ya mapafuni, lakini tiba ya kutegemewa ni kushuka, tena mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kutembea.

Mazoezi hayazuii ugonjwa huu. Hili lilikuwa gumu zaidi kulieleza kwa watu waliomfahamu, kwa maana kila mmoja alikuwa akiuliza ilikuwaje mtu aliyepanda Mlimwa na dumu la maji kwa miaka yote hiyo ashindwe, na mtu mwingine mwenye kitambi afike kileleni na kurudi salama. Nguvu za miguu na mapafu yenye afya havimwambii mtu jinsi mwili wake utakavyopokea hewa nyembamba. Aliye imara anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa anapanda haraka na amezoea kuvumilia. Dodoma yetu iko kwenye mita 1,100 hivi. Milima yake inafundisha uvumilivu wa jua na kiu, nasi tulijengwa na uvumilivu huo, lakini kule juu anayenyamaza na kuvumilia huficha dalili ambayo ingemwokoa.

Kuna pia suala la siku. Madaktari wa milima wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali unapolala leo na utakapolala kesho, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Njia ya Marangu kwa ratiba fupi ya siku tano inampeleka mtu kutoka Mandara, mita 2,720, hadi Horombo, mita 3,720, na kesho yake hadi Kibo: takribani mita 1,000, kisha tena 1,000. Wengi hupita salama. Lakini Watanzania wengi tunachagua ratiba hiyo kwa sababu ya likizo fupi na mfuko mwembamba, kwa maana kila siku inayoongezwa ina malipo ya mwongozaji, wapagazi na chakula, na sidhani kama tunajua kwamba siku hiyo moja ya kupumzika Horombo si anasa. Ni sehemu ya kinga. Ningependa kila anayedunduliza fedha za kwenda Kilimanjaro ahesabu siku hiyo kabla hajahesabu koti na viatu.

Aya iliposomwa ilichukua muda mfupi sana. Ilisema kwamba marehemu alipata ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kupanda juu, kwamba ulianza kwa kikohozi, kwamba wenzake na mwongozaji walimteremsha usiku bila kumwacha, na kwamba alifariki njiani mikononi mwao. Ilimtaja mwongozaji na wapagazi kwa shukrani. Watu walikuwa wengi ingawa mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kila kaya ilikuwa na mbegu za kutia ardhini. Baada ya nyimbo na udongo, wanaume kadhaa tusiowafahamu walitujia kutuuliza juu ya kile kikohozi, mmoja wao akiwa na kijana anayefanya kazi ya upagazi huko huko Marangu. Lile swali la viti vya nyuma halikuisha, wala sikutarajia liishe. Mama mmoja alinitazama usoni akaniambia kwamba vilima vya Mlimwa vingetosha. Nilimwitikia kwa heshima, na sikuwa na la kumjibu.

Kundi limekubaliana mambo machache tangu hapo. Hakuna atakayekwenda Kilimanjaro kwa ratiba ya siku tano, na atakayeweza atatangulia Meru, ambao unapita mita 4,500, ili aujue mwili wake kwanza. Kila kikohozi na kila kichwa kinachouma vitatajwa kwa sauti mbele ya wote, na anayetembea nyuma ataulizwa hali yake kama anavyoulizwa mwingine. Tumeanza pia kuchangishana ili anayepungukiwa gharama ya ile siku ya ziada asilazimike kuiacha.

Baadhi ya wenzetu wameacha kupanda, nasi tunawaheshimu. Wale wawili waliokuwa naye bado hawajarudi Mlimwa. Mmoja wetu huwatembelea kila juma, hukaa nao jioni, na habari za mlima hazizungumzi mpaka wao wenyewe waanze.