Mistari miwili yenye nyota kwenye majibu yangu ya damu

Karatasi ya maabara ilikuwa na mistari mingi, ila macho yangu yalikwama kwenye miwili iliyowekewa nyota: ALT 74, AST 52. Kikomo cha maabara ile ni 40 kwa vyote viwili. Nilikuwa nimekwenda kuangalia presha na sukari, kama nifanyavyo kila Januari kabla shule hazijafunguliwa. Vipimo vya ini viliongezwa kwa sababu ya uzito wangu, kilo 86 kwa mwanamke wa sentimita 158. Daktari alikuwa ameshaondoka, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mimi pombe sijapata kuionja. Lakini huku kwetu Tanga, ukisema ini lako lina kasoro, wengi huwaza pombe kwanza, kisha homa ya ini. Niliificha karatasi kabatini chini ya khanga. Usiku wa pili mume wangu akaniuliza mbona silali, nikamwonyesha. Aliisoma yote, akasema, "Jumatatu tunakwenda wote." Namshukuru mpaka leo kwa neno hilo.

Daktari alianza kwa kutueleza maana ya namba zile, nami nayaandika hapa kwa kuwa ningeyajua Ijumaa, ningelala. ALT na AST ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya chembe za mwili. Chembe ya ini ikiumia, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia kwenye damu. Namba ikipanda, basi, inaashiria kuna chembe zinaumia; haipimi ini linafanya kazi vizuri kiasi gani. Hilo hutazamwa kwenye albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, kwenye bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini huiondoa, na kwenye muda wa damu kuganda, na vyangu vyote vilikuwa sawa. Tena AST hutoka hata kwenye misuli: mtu aliyeshinda analima au amekimbia sana jana yake anaweza kuikuta juu na ini lake halina neno. Akasema pia kwamba kwa anayeumizwa ini na pombe, mara nyingi AST ndiyo huizidi ALT, hata mara mbili. Yangu ilikuwa kinyume. Nilipolisikia hilo nilivuta pumzi kama niliyetuliwa mzigo kichwani.

Kisha akapiga hesabu kwa kalamu: umri wangu, miaka 46, mara AST, akagawanya kwa zao la idadi ya chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), 265, na kipeuo cha pili cha ALT. Ikatoka kama 1.05. Hesabu hiyo huitwa FIB-4, na ikiwa chini ya 1.3 uwezekano wa ini kuwa na makovu makubwa ni mdogo. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Ile karatasi ya hesabu niliomba nibaki nayo.

Akauliza, "Mwalimu, unatumia dawa gani?" Nikamjibu parasetamoli, mara chache, kichwa kikiuma. "Na kingine chochote unachomeza?" Nikasema hakuna. Mume wangu akanigeukia: "Na ule unga?" Nilikuwa na miezi minne nikikoroga kijiko cha unga wa majani kila asubuhi, wa kupunguza tumbo, nilionunua kwenye duka lisiloandika chupani mna nini. Sikukusudia kudanganya. Kwangu yale yalikuwa majani tu, sikuyahesabu kuwa dawa. Daktari hakunikaripia. Alisema kila kinachomezwa hupita kwenye ini, kiwe cha famasi au cha porini, na chupa isiyo na maelezo hawezi kuitolea hukumu. Akanitaka niache siku hiyohiyo.

Vipimo vya homa ya ini B na C vilitoka salama. Ultrasaundi ikaonyesha mafuta kwenye ini. Wiki sita baadaye nilirudia damu, maabara ileile kwa makusudi, maana kila maabara ina kikomo chake. ALT ilikuwa 61. Imeshuka, ila haijarudi chini ya kikomo. Kiasi gani kilitokana na unga na kiasi gani ni mafuta, haiwezekani kusema. Ila mafuta yalikuwepo, na njia ya kuyaondoa ni kupunguza uzito: akanipa lengo la kati ya asilimia 7 na 10.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Soda ya mchana shuleni niliiacha kwanza, na hiyo ilikuwa rahisi. Mahamri ya asubuhi yalinitesa. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikiwakaangia watoto huku nikila yai na tango. Wali sikuuacha, nilipunguza upawa mmoja na kuongeza mchicha na samaki wa kuchoma. Jioni tulitembea na mume wangu mpaka Raskazone na kurudi. Shangazi yangu akaleta chupa ya dawa ya kusafisha ini. Nilimpigia magoti, nikamwambia, "Shangazi, nimekatazwa na daktari, usinione sina adabu." Alinuna wiki mbili.

Sasa nina kilo 79, karibu asilimia 8 pungufu, na ALT ni 37. Nyota haipo, ingawa daktari anasema kwa mwanamke angependa ishuke zaidi. Kwa kuwa sikuwa na virusi vya homa ya ini B, na nilizaliwa kabla watoto wa nchi hii hawajaanza kuchanjwa dhidi yake utotoni, nilianza chanjo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Ya tatu ni wiki ijayo. Mume wangu atachoma yake ya kwanza siku hiyohiyo, nami nitatoa damu tena.