Siku tisa na tangi la maji matupu

Ukikaa Kigoma, mwisho wa reli, samaki kwako ni dagaa, mgebuka na kuhe. Ukimwambia mtu umetoa pesa yako kununua samaki wa urefu wa kidole, tena wa kuangalia tu, anakutazama kuanzia utosini hadi kwenye ndala. Kwa hiyo nilipowaachia wale saba kwenye tangi langu na wote wakatoweka ndani ya nusu dakika, sikuwa na mtu wa kumlilia.

Tangi ni la futi nne, alinitengenezea fundi vioo wa hapa mjini. Ndani walikuwamo tayari Julidochromis wawili, wa njano wenye mistari myeusi, wenyeji wa mawe. Wageni walikuwa Lamprologus ocellatus, samaki wa ziwa hili hili la Tanganyika wanaopanga kwenye makombe ya konokono. Konokono akifa, kombe linabaki chini mchangani, na samaki huyu, ambaye hata akikua sana hazidi sentimita sita, analigeuza nyumba. Analala humo, anataga humo, na akiona kivuli cha mkubwa anazama humo. Niliwachukua kwa kijana mmoja anayekusanya samaki wa mapambo, nikawaleta jioni kwenye ndoo yenye mfuniko, nikawazoesha maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa saa nzima. Hapo sikukosea. Niliharibu baada ya hapo.

Kesho yake hakuonekana hata mmoja. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu mke wangu alisimama mbele ya kioo na kikombe chake cha chai, akainama, akainuka. "Baba watoto, hapa umetununulia maji?"

Uvumilivu ukaniishia. Nikaingiza mkono, nikainua kombe moja moja na kuchungulia dhidi ya taa. Wote saba walikuwamo, wamejikunja huko ndani kwenye pindo la mwisho, macho tu yanang'aa. Nikayarudisha, kesho nikayainua tena, kesho kutwa pia. Nikasema labda njaa, nikatwanga dagaa wakavu, nikanyunyiza. Jioni maji yalikuwa na utando wa mafuta na harufu ya mwalo wa Kibirizi. Huo ulikuwa ujinga wa hatari kuliko nilivyojua: chakula kikioza kinatoa amonia, na kwenye maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya juu kama ya ziwa letu, inayokaribia 9, amonia ni sumu kali kuliko kwenye maji ya kawaida. Nikamwaga theluthi ya maji na kubeba madumu mapya kutoka ziwani. Ya bomba kwetu nayo asili yake ni ziwani, ila yana klorini, inabidi yalale kwanza.

Aliyenituliza ni rafiki yangu wa Tanga anayefuga samaki wa baharini. Nilimpigia siku ya saba. "Kaka, tulia," akasema, kisha akanisimulia samaki wake mmoja mwembamba wa miambani aliyejifukia mchangani siku ile ile aliyoingia. Siku tano hakuonekana, jamaa akaanza kutafuta nani amemla, asubuhi ya sita samaki akatoka anaogelea kama aliyetoka usingizini. Halafu akaniuliza maswali: anahema kwa kasi? Mapezi ameyabana? Ana vidoa vyeupe kama punje za chumvi? Tumbo limeingia ndani? Nikajikuta sina jibu hata moja, kwa kuwa samaki wangu sijawahi kumwona akiwa hanioni.

Basi siku ya tisa nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, kamera inatazama tangi, nikaiwasha irekodi, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe dakika 25.

Ile video nimeitazama mara nyingi kuliko mechi yoyote ya Simba. Dakika ya sita kichwa kinachungulia kwenye mdomo wa kombe. Kinarudi. Kinatoka tena, na safari hii samaki mzima yuko nje, mapezi wazi, anahema taratibu, tumbo la mviringo. Wa pili anatoka. Dakika ya kumi na moja Julidochromis anashuka kutoka kwenye mawe kama mgambo, wote wanazama. Wanatoka tena. Dakika ya kumi na tisa mlango wa sebule unabamizwa, kioo kinatikisika kidogo, na ndani ya kufumba na kufumbua ni maji matupu. Sekunde tano baadaye mwanangu anapita mbele ya kamera akikimbia.

Kumbe hawakuwa wagonjwa, na aibu hawakuwa nayo ya kuzaliwa. Walikuwa na sababu, na nyingi nilikuwa nimezitengeneza mimi.

Tangi lilikuwa karibu na mlango. Samaki ana mstari pembeni mwa mwili unaopokea mtikisiko wa maji, kwa hiyo kila mlango ukibamizwa yeye anaupata mwilini. Nikalihamishia kwenye kona (kulitoa maji nusu na kulisukuma ni kazi ya watu wanne na soda nne), nikabandika karatasi nyeusi nyuma na pande mbili. Watoto wa jirani nikawapiga marufuku kugonga kioo. Hiyo sheria inaheshimiwa nikiwepo.

Makombe yalikuwa matano kwa samaki saba. Hesabu ya aibu. Nikaongeza yakafika ishirini. Unaweza kudhani ukiwapa mashimo mengi watazidi kujificha. Wapi! Mwenye mlango karibu ndiye anayethubutu kwenda mbali. Mchanga nao ulikuwa wa sentimita moja na nusu, wa urembo tu, nikaujaza hadi saba.

Kwa wale wenyeji wawili nilitumia hila. Nilipangua mawe yote na kuyapanga upya, taa zikiwa zimezimwa, zikabaki zimezimwa hadi kesho yake. Asubuhi kulipokucha hakuna aliyejua mtaa wake ni upi. Wakati Julidochromis wanahangaika kutafuta pango jipya, wageni walipata nafasi ya kukaa.

Chakula nikabadilisha kabisa: viluwiluwi. Niliweka ndoo ya maji nyuma ya nyumba, na mbu wa Kigoma hawahitaji mwaliko. Mke wangu alikuja juu, na alikuwa na haki, malaria hapa si hadithi. Tukakubaliana: kila siku ya nne naichuja ndoo yote kwa kitambaa, haibaki hata kimoja cha kuota mabawa. Kiluwiluwi kikidondoka kwenye maji kinajipinda na kujikunjua, na samaki aliyeapa hatoki hukisahau kiapo.

Baada ya kama wiki moja niliona kitu ambacho kwenye ule mchanga wa mwanzo kisingewezekana. Dume, yule mkubwa mwenye doa la dhahabu shavuni, alisimama kichwa chini kando ya kombe, akakumba mchanga kwa mdomo na kuutema kando, akarudi, akakumba. Kombe likaanza kulalia upande, likazama polepole. Halafu akageuka, akajitikisa juu ya mchanga, ukaruka na kulifunika, hadi ukabaki mdomo tu, tundu dogo sawasawa na sakafu. Alizunguka mara mbili kukagua, akaingia kinyumenyume. Wenzake walifanya vivyo hivyo siku zilizofuata, kila mmoja na umbali wake.

Juzi mpira wa pampu ya hewa ulichomoka. Nikaingiza mkono kuurudisha, sikuwa karibu sana na kombe lake, labda shibiri moja. Dume akatoka kama risasi, akaning'ata kidole cha kati, akarudi nyuma, akaja tena. Haiumi, ni kama kufinywa na mtoto mchanga, lakini nilishtuka nikautoa mkono na kumwaga maji hadi kwenye zulia.

Mke wangu alikuwa kwenye kochi. "Nani sasa anajificha?" akauliza.